Maswali ya nguo: rebozo ya Wapurépecha

Tangu nilipoitaja rebozo juujuu katika safu hii, maswali hayajakatika. Nayajibu haya matano.

Shikamoo bibi. Hiyo rebozo si kanga tu ya Meksiko? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Si kanga. Kanga hupigwa chapa, huja doti na ina jina lake. Rebozo ni shali ya kufumwa, ndefu mita mbili na zaidi, haina neno hata moja. Ila kwa matumizi ni ndugu wa karibu: wanawake wa Kipurépecha, wenyeji wa asili wa jimbo la Michoacán huko Meksiko, hujitandia kichwani wakienda kanisani, hujifunika baridi ya milimani, humbebea mtoto, hufungia mzigo wa sokoni. Mbeleko, mtandio na furushi, vyote humo humo. Kwa lugha yao huiita *kuanindikua*.

Ni kweli wanafuma bila kitanda cha mfumi?

Mtambo upo, ila nusu yake ni mfumaji mwenyewe. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa nguo, hufungwa ncha moja kwenye nguzo au mti, na ncha ya pili kwenye mkanda unaomzunguka kiunoni. Akijivuta nyuma zinakaza. Akiinama mbele zinalegea, apate kupitisha mshindio, uzi wa kukatiza, na kuupigiza kwa ubapa wa mti. Ndiyo maana nguo haizidi upana anaoweza kuufikia kwa mikono yake. Mtambo huo ulikuwepo kabla Wahispania hawajafika Michoacán mwaka 1522. Neno *rebozo* ndilo la Wahispania.

Shemeji kaniletea moja kutoka Marekani, ya buluu nyeusi yenye mistari myembamba. Nitajuaje kama ni ya mkono? (Mama Zuhura, Mombasa)

Rangi hiyo inatia moyo, maana rebozo ya jadi ya Kipurépecha ni buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, na vijistari vya samawati au vyeupe kwa urefu wake. Lakini rangi huigwa. Wewe anza kwenye matamvua. Shika uzi mmoja wa tamvua uufuate kwenda juu: kwenye nguo ya mkono unaingia moja kwa moja kwenye kitambaa, kwa sababu ni mtande ule ule ulioachwa bila kufumwa. Ukikuta mshono hapo, matamvua yameshonewa baadaye. Kisha tazama kingo za pembeni. Uzi wa mshindio unafika ukingoni na kugeuka kurudi, hakuna pindo la cherehani. Mimi niliwahi kuuziwa "rebozo" yenye pindo zuri kabisa, nikafurahi nalo wiki nzima kabla ya kutia akili.

Ukishahakikisha, yakunjue matamvua polepole. Hapo ndipo penye kazi. Nyuzi hugawanywa mafungu madogo na kufungwa fundo kwa fundo, kwa vidole, mpaka zifanye wavu wenye michoro. Katika kijiji cha Ahuiran, karibu na Paracho, mji wa mafundi wa magitaa, huongeza hariri bandia za rangi kali, na mwisho wa shali huonekana kama manyoya ya ndege. Wapurépecha wa kale walisifika kwa kazi za manyoya, na mji wao mkuu, Tzintzuntzan, jina lake lahusu ndege chozi wa kwao. Kwangu mimi, shali bila matamvua hayo ni shuka tu.

Naifuaje?

Kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, peke yake. Funga matamvua kwa kitambaa kwanza, la sivyo utakesha ukiyafumua. Usiikamue. Anika kivulini.

Natarajia kusafiri Meksiko. Nikanunue wapi, na niombe punguzo kiasi gani?

Ukiweza, fika Uruapan wakati wa Jumapili ya Matawi. Mafundi wa vijiji vingi vya Michoacán hushusha kazi zao uwanjani, na aliyefuma ndiye anayekuuzia. Kuhusu punguzo, mwanangu, muulize kwanza matamvua yalimchukua siku ngapi. Akishakujibu, sidhani kama utakuwa na uso wa kutaja bei yako.