Mbu wa mchana anazaliwa ndani mwetu: sugueni mapipa

Kiangazi kikishika Lamu na maji yanayotoka Shela yakawa ya kupata na kukosa, kila nyumba hujaza mapipa, ndoo na mitungi. Hapo ndipo ninapoanza kuwasumbua majirani zangu wa Langoni, maana naukumbuka mwaka 2004. Mvua ilikuwa haba, maji yamewekwa kila pembe, ikaingia chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu na kuumiza viungo. Watafiti waliopima damu baadaye walikadiria kwamba robo tatu ya watu wa hapa waliambukizwa. Kwetu tuliugua nyumba nzima. Mama aliswali ameketi kwa muda mrefu, magoti hayakunjiki, na vidole vikaendelea kumuuma homa ilipokwisha. Kutoka hapa ugonjwa ukafika Mombasa, na mwaka uliofuata ukawa Komoro.

Mbu aliyetutesa si yule wa malaria. Ni Aedes aegypti, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, na huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea magharibi. Chandarua cha usiku tusikiache, lakini kwa huyu hakitoshi. Mashimo ya choo nayo ni makao ya mbu mwingine, Culex, anayeeneza matende pwani yetu. Aedes anataka maji masafi, yaliyotulia kivulini, yale yale tunayoyatunza. Wala haruki mbali. Akikuuma barazani, aghalabu kazaliwa kwako au kwa jirani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: jike hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yake ni meusi, madogo mno, yameganda, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yasife. Maji yakipanda yakayafikia, viluwiluwi hutoka, na kwa joto letu mbu huruka baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo ukimwaga pipa na kulijaza tena bila kulisugua, mayai yamebaki pale pale. Mimi husugua kila wiki kwa kumbi la nazi na sabuni, nikikazania ule mstari ulioachwa na maji, kisha nasuuza na kumwaga mbali. Pipa la kunywa nalifunga kitambaa kizito kwa kamba ndipo naweka kifuniko, kwani vifuniko vingi vina mwanya.

Birika la chooni, yaani tangi la maji lililojengewa humo, ni zito kulimwaga kila mara. Wazee walitia visamaki vya kula viluwiluwi, na chini wakajengea bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Sioni kwa nini tuliache jambo zuri hivi. Langu lina samaki na sijaona kiluwiluwi ndani yake. Ila usitie klorini, utawaua.

Vifuu, makopo na mashua iliyopandishwa pwani ikashika maji ya mvua, vyote vipinduliwe. Na msugue mtaa mzima siku moja.

Homa ikimpata mtu na viungo vikamuuma, mpelekeni hospitali. Mpeni parasetamoli, aspirini na ibuprofeni ziacheni mpaka daktari ahakikishe si dengi, homa nyingine inayoletwa na mbu huyu huyu, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Siku hizo za mwanzo alale chini ya chandarua hata mchana, mbu asije akamuuma kisha akawapelekea virusi watoto wa nyumba ya pili.