Umestaafu na hujui wewe ni nani? Anza na watu

Umeuliza utajitafutaje upya, maana tangu ustaafu siku zako hazina maana. Swali la "mimi ni nani" liweke kando kwanza. Ukilikalia peke yako litakuzungusha tu. Tafuta kundi moja dogo linalokutana kila wiki, watu walewale: kwaya, bustani, darasa, lolote. Kisha omba jukumu, hata la kupanga viti. Mwenye jukumu asipokuja huulizwa, mtazamaji husahaulika.

Wengi hukwama hapa: wanahudhuria mara tatu, hawaoni rafiki, wanahamia kwingine, na hesabu inaanza upya. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas (2018) ulikadiria takribani saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa karibu. Kwa saa 2 kwa wiki, hizo 50 pekee ni karibu miezi 6. Kwa hiyo mwalike mmoja mtembee baada ya kikao, na umuulize lile alilolitaja wiki iliyopita. Cheo chako cha zamani usikitangulize (wastaafu wengi hujiharibia hapo). Ujuzi wako wataugundua wenyewe.