Semi-otomatiki ya kwanza: anza na ndogo, upige sana

Wakuu, mtu akishaanza kupenda kupiga shabaha swali lake la kwanza huwa ni hilohilo, ninunue bunduki ipi, na ukimsikiliza vizuri unagundua moyoni keshachagua, ameshaiona kwenye video ikipiga kishindo na vumbi linaruka, anachotaka ni wewe umwambie sawa. Mimi nilikuwa hivohivo. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa semi-otomatiki ya kaliba (yaani kipimo cha risasi) 7.62x51, nzito, ndefu, nzuri kweli kuitazama, na siku ya kwanza nilipiga risasi 20 tu bega likavimba. Bega lilipona ndani ya siku chache. Kilichobaki ni jicho, yaani kila nikigusa kifyatulio jicho linafumba lenyewe na mkono unasukuma mtutu chini kabla risasi haijatoka, na tabia ile ilinichukua karibu mwaka mzima kuitoa. Ndo maana naandika haya, sitaki wewe upitie kule.

Kabla ya yote sheria, na hapa nakuomba usiruke. Bunduki hizi kila nchi ina maamuzi yake na yanatofautiana sana. Uingereza tangu sheria ya 1988 raia haruhusiwi semi-otomatiki isipokuwa zile za .22 zinazotumia risasi ya kupigwa ukingoni, yaani pini inagonga ukingo wa kitako cha ganda. Australia walibana mwaka 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, New Zealand wakafuata 2019 baada ya Christchurch. Video nyingi unazoziangalia zinatoka Marekani na kule kanuni ni nyingine kabisa, kwa hiyo usichukue anachofanya yule jamaa ukadhani na wewe unaruhusiwa. Soma sheria ya unakoishi, nenda kaulize wanaotoa leseni, ujue kaliba gani inaruhusiwa, magazini (kile kisanduku cha risasi) ya risasi ngapi, bunduki itunzwe kwenye sanduku la aina gani. Fanya hivo kabla hujatoa hela yoyote. Na akitokea mtu anakwambia anaweza kukurekebishia ipige mfululizo, ondoka pale pale, hilo ni kosa zito la jinai karibu kila mahali.

Sasa tuelewane semi-otomatiki ni nini maana wengi wanachanganya. Ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, halafu bunduki yenyewe inatupa ganda nje, inachukua risasi nyingine kwenye magazini na kuiingiza chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, ukitaka ya pili lazima uachie kifyatulio uvute tena. Raha yake iko hapo, hutoi shavu kwenye kitako kila mara ili ukoki. Lakini hatari yake nayo iko hapohapo. Bunduki ya kukoki kwa mkono ukishapiga inakaa na ganda tupu mpaka wewe mwenyewe uamue kuvuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, semi-otomatiki ukishapiga tayari ina risasi nyingine chemba na inasubiri kidole chako.

Kwa hiyo mpangilio wa kuitoa risasi ujifunze mpaka uweze ukiwa usingizini: magazini kwanza, bolti baadaye. Nimeona mtu mzima kabisa anavuta bolti, risasi inaruka nje, anaridhika, halafu ndo anachomoa magazini. Hajui kwamba bolti iliporudi mbele ilibeba risasi nyingine kutoka kwenye ile magazini na sasa iko chemba, mikononi ana bunduki yenye risasi na kichwani kwake ni tupu. Chomoa magazini, vuta bolti mara mbili tatu, ifunge nyuma, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uguse maana mwanga ukiwa hafifu macho yanadanganya. Muda wote huo mtutu unaangalia upande salama na kidole kiko nje ya kifyatulio. Mtu akikupa bunduki akakwambia haina kitu, unaangalia tena mbele yake, na mshika bunduki yeyote mwenye akili hawezi kuchukia.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Ushauri wangu ni .22 Long Rifle na sitabadilisha. Risasi hii ipo tangu 1887 na mpaka leo haijapata mbadala wa kufundishia. Teke lake karibu hulisikii, sauti inavumilika ukishaziba masikio, na kwa kuwa ni ya bei ya chini kuliko za kaliba kubwa unaweza kupiga 100 au 200 kwa siku moja badala ya kuhesabu moja moja kwa uchungu, na shabaha haina njia nyingine zaidi ya kupiga sana. Kwa namba, risasi ya .22 inatoka na nguvu ya joule 150 hadi 190 hivi, ya .223 inafika kama 1,700, ile 7.62x51 yangu inakaribia 3,500. Ona tofauti hiyo halafu fikiria bega la mtu anayeanza. Ila usiidharau, .22 ikipigwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu na inaua, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima kuwe na tuta.

Zinazojulikana zaidi ni Ruger 10/22 iliyotoka 1964 na Marlin Model 60 iliyotoka 1960. Ya Ruger inatumia magazini ndogo ya risasi 10 ambayo ndani inazunguka kama gurudumu, haichomozi chini ya bunduki na inalisha vizuri, na vipuri vyake vipo vingi kuliko bunduki nyingine yoyote ya aina hiyo. Marlin inabeba risasi kwenye bomba refu chini ya mtutu, ni bunduki sahihi sana, lakini kwa anayeanza mimi napendelea magazini ya kuchomoa kwa sababu ile niliyoieleza juu, kuitoa risasi kunakuwa wazi zaidi. Mashine zote mbili ni rahisi, ganda lenyewe linasukuma bolti nyuma, hakuna bomba la gesi wala pistoni ya kusafisha.

Jambo watu wanalopita haraka ni kitako kukutosha. Shika bunduki, funga macho, ipandishe begani kama unavyojisikia, fungua macho. Kama unaona vilengeo moja kwa moja bila kunyoosha shingo wala kulaza kichwa, inakufaa. Kama unavuta shingo mbele kitako ni kirefu, kama pua inagonga kidole gumba ni kifupi. Ijaribu ukiwa umevaa nguo utakayovaa uwanjani maana koti zito linabadilisha kila kitu. Bunduki inayokutosha vibaya hata uipachike skopu (darubini ya kulengea) ya aina gani utaishia kulaumu risasi.

Kuna watakaosema hapana, mimi nataka AR-15, ile semi-otomatiki ya .223 au 5.56, toka mwanzo. Sawa, kama sheria inakuruhusu si dhambi, ni bunduki nyepesi, teke lake ni dogo, na wengi wameanza nayo wakawa wazuri. Kwanza lakini jua AR ni kifupi cha ArmaLite Rifle, kampuni ambako Eugene Stoner aliibuni miaka ya 1950 kabla Colt hawajaichukua 1959, haimaanishi otomatiki kama watu wanavyodhani. La pili soma kilichochongwa kwenye mtutu. Ukiona 5.56 unaweza kupiga 5.56 na .223 Remington, lakini ukiona .223 pekee usiweke 5.56, kwa macho risasi zinafanana kabisa ila presha na nafasi ya mbele ya chemba si sawa. Zipo chemba zinaitwa .223 Wylde hizo zinakubali zote. La tatu ni mzunguko wa mifereji ndani ya mtutu, utaona 1:7, 1:8, 1:9, maana yake risasi inazunguka mara moja kamili kila inchi 7 au 8 au 9, na namba ikiwa ndogo mtutu unashika vizuri vichwa vizito vya risasi. Kwa vichwa vya kawaida vya greni (kipimo cha uzito) 55 mpaka 62 yoyote kati ya hizo itakutosha, 1:8 ni chaguo zuri la katikati, usikose usingizi kwa hilo.

SKS za zamani pia zinawavuta wengi, bunduki ya Simonov ya 1945, 7.62x39, risasi 10 kwenye magazini isiyochomoka, imara sana. Nazipenda. Ila zina mambo mawili ambayo mgeni asipoambiwa yanamuumiza. Pini yake ya kupigia kwenye nyingi haina springi, inaelea, kwa hiyo ukinunua iliyokaa stoo na grisi nzito imeganda ndani ya bolti pini inaweza kukwama mbele, bolti ikijifunga tu risasi inalipuka bila wewe kugusa kitu, hata kadhaa mfululizo. Fungua bolti, safisha mpaka ukiitikisa usikie pini inacheza, ndo uende uwanjani. La pili, risasi nyingi za kijeshi za zamani zina fataki (kile kiwashio cha baruti kwenye kitako cha ganda) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu na kutu inaanza usiku uleule. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Inaondoka kwa maji, ya moto ni bora kwa sababu yanakauka haraka, halafu unakausha na kupaka mafuta.

Ukinunua iliyotumika nenda na fundi wa bunduki au mtu mwenye uzoefu. Hakikisha ni tupu, mulika tochi upande wa chemba uangalie mifereji ndani, isiwe na vishimo vya kutu, angalia mdomo wa mtutu usiwe na mkwaruzo maana risasi inapoagana na mtutu ni pale, na uliza magazini zinapatikana au la. Kuhusu magazini niseme hivi, bunduki ikianza kujamu mara nyingi kosa liko kwenye magazini au kwenye aina ya risasi. Semi-otomatiki za .22 zinachagua chakula. Chukua aina nne tano za risasi, piga kila moja risasi 50, andika kwenye daftari ipi ilijamu na ipi ilikusanyika vizuri kwenye karatasi, ukishaipata yake kaa nayo.

Hela iliyobaki isiende yote kwenye skopu. Anza na masikio, risasi hata za .22 kutoka bunduki ndefu zinafika kama desibeli 140 na za kaliba kubwa zinapita 155, na sikio likishaharibika halirudi. Vaa vya kuziba ndani na vya kufunika juu kwa pamoja, na miwani. Ukitoka uwanjani nawa mikono kwa sabuni kabla hujala, vichwa vile vina madini ya risasi (lead) kweli na vumbi lake ni sumu.

Na ukisikia mlio dhaifu wa ajabu, pop badala ya kishindo, simama hapohapo. Inawezekana kichwa cha risasi kimebaki katikati ya mtutu, ukipiga nyingine juu yake mtutu unapasuka. Semi-otomatiki mara nyingi pale haiingizi nyingine yenyewe na mgeni akiona haijapiga anavuta bolti kwa haraka aendelee. Usivute ukaendelea. Toa kila kitu, angalia mtutu kama mwanga unapita. Ukifyatua na isilie kabisa, shikilia mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 ndo ufungue.

Nimalizie na lile zoezi lililoniponya jicho, maana naona ndo kitu cha thamani zaidi nilichonacho. Mpe mwenzako magazini aijaze akiwa amekupa mgongo, achanganye risasi halisi na mbili tatu za bandia, hizi za plastiki za mazoezi, wewe hujui ipo wapi. Piga taratibu. Ukifika kwenye ya bandia hakuna kishindo cha kukuficha, utaona kwa macho yako mtutu unavyozama chini, na mara ya kwanza unashtuka. Mimi wa kwangu ulizama kiasi kwamba rafiki yangu alinyamaza tu. Nikaazima .22, nikawa nafanya zoezi hilo kila nikienda, risasi 50 za kwanza zote hivo, mpaka siku moja ya bandia ikagonga tik na mtutu ukabaki palepale juu ya shabaha haujatikisika. Wiki iliyofuata nikaitoa tena ile 7.62x51 kabatini.