Muhuri wa "siri" hauilindi ripoti ya wakili mahakamani

Swali: Kampuni yetu, iliyoko Marekani, inachunguzwa na SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa. Tunataka kuikabidhi ripoti ya mahojiano ambayo wakili wetu aliwafanyia wafanyakazi. Mshauri anasema tukigonga muhuri wa siri kila ukurasa, kinga ya mawasiliano ya wakili na mteja, yaani haki ya kukataa kuyafichua mahakamani, itabaki. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na inasikitisha kwamba ushauri huu bado unauzwa. Muhuri huo unatokana na Kanuni ya 83 ya SEC, na kazi yake ni kuwapa nafasi ya kupinga pale mtu anapoiomba tume nakala zenu kwa kutumia Sheria ya Uhuru wa Habari. Haumzuii mwanahisa aliyewashtaki ninyi wenyewe kuiomba mahakama iwaamuru mtoe kile ambacho mlikwisha kukitoa kwa hiari.

Mwaka 1978 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho nchini Marekani, ilikubali kwamba kampuni inaweza kumfunulia SEC siri na kuwanyima wengine, lakini mahakama nyingi za rufaa zilizolipima suala hilo baadaye zimelikataa. Wapo wanaotegemea mkataba wa usiri na wachunguzi. Qwest, kampuni ya simu ya Marekani, ilikuwa nao kwa maandishi ilipowapa wachunguzi wa serikali kurasa zipatazo 220,000, na bado mwaka 2006 Mzunguko wa Kumi uliamua kwamba kinga imepotea. Benki zina afueni ya kisheria zinapowapa wasimamizi wa mabenki taarifa zao, ila SEC haimo katika orodha hiyo.

Kuna pia wajanja wanaoshauri kwamba wakili asikabidhi karatasi, bali awasimulie maofisa kwa mdomo yaliyomo katika kumbukumbu zake za mahojiano. Mwaka 2017 mahakama moja ya Florida iliona kwamba masimulizi ya namna hiyo ni sawa na kuzikabidhi kumbukumbu zenyewe.

Kinga hulinda mawasiliano, haijawahi kulinda matukio. Kwa hiyo andaeni maelezo mapya ya nani alifanya nini na lini, yakiambatana na hati za kawaida za biashara, bila kunukuu mahojiano wala maoni ya wakili. Atakayewaambia kwamba bila ripoti hamtahesabiwa kuwa mmeshirikiana na tume, mwonyesheni mwongozo wa SEC wenyewe, unaowataka maofisa wasiombe kinga iachwe pasipo idhini ya wakuu wao.