Bendi Ikihama Muziki, Jina Linabaki kwa Nani?

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, wenzangu wanataka tuache vibao virefu, tupige vya redioni. Niondoke?" Nimekaa siku tatu bila kumjibu. Kanitonesha kidonda.

Mimi gitaa nilifundishwa na Yes, bendi ya Uingereza, kupitia kanda chakavu ya Kariakoo. Albamu yao ya 1972, Close to the Edge, ina nyimbo tatu tu. Ya kwanza inakwenda dakika 18 na ushee. Solo za Steve Howe nilizishika kwa kurudisha kanda nyuma na kalamu ya Bic, betri zisiishe. Kisha nikaipata albamu yao 90125, ya 1983. Ngoma kavu, viitikio vya disko, na Howe hayumo! Gitaa kashika Trevor Rabin wa Johannesburg. Januari 1984 wimbo wao ukashika namba moja Marekani, mara ya kwanza na ya mwisho. Mimi nilinuna kama niliyefiwa.

Baadaye nikajua kwamba Chris Squire na Alan White, wapiga besi na ngoma wa Yes, pamoja na Rabin walikuwa wameanzisha bendi mpya, Cinema. Jon Anderson, mwimbaji wa zamani wa Yes, alipokuja kuimba, jina la zamani likarudi. Rabin gitaa analijua, sibishi. Lakini wangebaki Cinema, nani angewalaumu?

Na sisi tulikuwa watano, Kinondoni. Kibao chetu kikubwa kilikuwa na dakika 11, sebene likiingia ya saba. Prodyuza mmoja alitusikiliza huku anachati, akasema, "Hilo sebene kata, anza na kiitikio." Wenzangu wakamtazama yeye, mimi hawakunitazama. Nikakusanya waya zangu, nikapanda daladala na amplifaya mapajani. Konda akanitoza nauli ya watu wawili. Wenzangu wanapiga harusini mpaka leo, tena wanalipwa vizuri, kwa jina nililolibuni mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kuondoka baadaye. Kwanza andikeni jina ni la nani, wote mtie sahihi, kabla wimbo haujakubalika. Ukikubalika hakuna atakayekusikiliza. Nyie vijana mnaona aibu kudaiana karatasi na marafiki. Aibu hiyo mimi nimeilipia. Andikeni, hata kwenye daftari la shule. Jina letu niliandika kwa mkono wangu, rangi nyeupe, kwenye ngoma kubwa. Wiki iliyopita nimeiona ngoma hiyo harusini Sinza, herufi zangu zilezile, moja imeanza kubanduka.