Memori GB 8, Zinazotumika 3.25

SUALI: Asalaam aleikum, fundi. Mimi napiga video za harusi hapa Wete. Kompyuta yangu ina Windows 7 ya biti 32. Nilivuka nayo hadi Darajani nikatiliwa memori ya GB 8. Sasa imeandika GB 8, lakini pembeni inasema zinazotumika ni 3.25, na programu ya kuhariri bado inajifunga. Nimeuziwa memori mbovu?
Mpiga video, Wete

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Memori yako ni nzima, haina ubovu. Kila baiti, yaani kijichumba kimoja cha memori, lazima iwe na namba yake, kama nyumba mtaani, na mfumo wa biti 32 una namba 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Nyumba zilizozidi zipo, ila hakuna wa kuzibishia hodi. Tena kadi ya video na vifaa vingine navyo vinachukua namba humohumo, ndiyo maana ukabakiwa na 3.25.

Lakini programu kujifunga kuna sababu nyengine, na wengi hawaijui: katika Windows ya biti 32 kila programu kwa kawaida hupewa GB 2 tu. Mimi lilinitesa kwenye harusi ya binti wa jirani yangu Mkunazini. Kila nikifika pale bibi harusi anaingia ukumbini, skrini inaganda. Nilianza upya mara tatu usiku ule, na mama mtu asubuhi anagonga mlango anataka CD yake. Mwisho niliikata video vipande vya dakika kumi kumi, ndipo ikatoka.

Wewe piga Windows ya biti 64. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iwe inaikubali. Core 2 Duo, kwa mfano, inaikubali. Windows hiyo mpya haipandishwi juu ya ile ya biti 32, diski itafutwa, basi hamisha kwanza harusi zote za watu kwenye diski ya nje, kisha zifungue mojamoja uone zinacheza. Hili nakusihi sana. Windows 11 itaikataa mashine ya umri huo. Windows 10 itakufaa, ingawa Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kwa hiyo kompyuta hiyo iwe ya kuhariria tu, usiiunge intaneti ovyo.

Na programu ya kuhariri nayo iwe ya biti 64. Ukiirejesha ileile ya biti 32, hata ndani ya Windows mpya haitavuka GB 4.