Usiiache fidibeki peke yake kwenye boila

Nimefanya kazi na boila za viwanda vya sukari, zile zinazochoma makapi ya miwa. Fundi kijana akiniuliza achague fidibeki au fidifowadi, njia mbili za kudhibiti mtambo wenyewe kwa wenyewe, humpeleka kwenye drami ya boila, tangi la juu ambamo mvuke hutengana na maji. Humo maji yakipungua mno, mabomba yanaungua. Yakizidi, matone yanabebwa na mvuke hadi kwenye tabaini, mashine inayozungushwa na mvuke.

Fidibeki hupima kiwango cha maji na kusogeza vali ya maji yanayoingia kulingana na kosa, yaani tofauti kati ya kiwango kilichopo na kinachotakiwa. Hurekebisha hata hitilafu usiyoijua, ila lazima kosa litangulie. Fidifowadi haitazami kiwango kabisa: hupima mvuke unaotoka na kuingiza maji ya kulingana, tani kwa tani.

Sasa vinu vya miwa vidai mvuke ghafla. Presha ya drami inashuka, mapovu yaliyomo majini yanatanuka, na kioo cha kupimia kiwango kinaonyesha maji yamepanda, kumbe yanapungua! Fidibeki iliyo peke yake inabana vali wakati huohuo boila inapohitaji maji zaidi. Mapovu yakitulia, kiwango kinaporomoka. Nimeona mhudumu wa zamu akiitoa fidibeki kwenye oto (kujiendesha yenyewe) na kushika vali mwenyewe, na alifanya sawa.

Fidifowadi ingeshafungua vali mapema. Lakini nayo haijitoshelezi. Mita ya mvuke ikikosea asilimia 2 tu, kosa hilo linajilimbikiza hadi drami ijae au ikauke, na maji ya blodauni, yanayomwagwa ili kuondoa uchafu, hayamo hata kwenye hesabu yake. Ndiyo sababu boila kubwa huunganisha vipimo vitatu: kiwango, mvuke na maji yanayoingia. Fidifowadi ibebe mzigo, fidibeki isawazishe kinachobaki.

Kabla ya yote, hakikisha mita ya mvuke. Kama ni ya sahani ya orifisi, yaani sahani yenye tundu inayopima mtiririko kwa tofauti ya presha pande zake mbili, mtiririko wa asilimia 10 huipa asilimia 1 tu ya tofauti ya presha, kiasi kisichoaminika. Kwa hiyo wakati wa kuwasha boila tumia kiwango peke yake, uhamie vipimo vitatu mzigo ukishapanda.

Kisha jaribu: mhudumu akiwa tayari kwenye vali, toa kidhibiti cha kiwango (ile fidibeki) kwenye oto, fidifowadi ibaki kazini, na ongeza mzigo kidogo. Subiri mapovu yatulie, kisha soma grafu ya kiwango. Kiwango kikizidi kupanda, punguza uwiano wa fidifowadi, yaani maji inayoingiza kwa kila tani ya mvuke; kikishuka, uongeze.